Kichwa kisichoacha kuuma kwa mwenye VVU: namna ya kuiwahi fangasi ya ubongo kabla haijaleta kiharusi

Ndugu zangu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na visiwani kote, hii naiandika kwa ajili ya wanaouguza nyumbani, maana mimi kazi yangu ya kujitolea ni kufuatilia watu waliopotea kliniki ya CTC (ya matunzo na dawa za VVU), na ninachokutana nacho mialoni ni kilekile kila mwaka. Kijana kapooza upande mmoja, ana miaka thelathini na kitu, hana presha, hana sukari, ndugu wanasema karogwa au katupiwa kitu ziwani, halafu ukikaa nao vizuri ukauliza unaambiwa "ah, kichwa kilikuwa kinamsumbua wiki mbili tatu hivi, tukampa dawa ya malaria." Hapo ndipo penyewe. Zile wiki mbili tatu ndio zilikuwa nafasi ya kumuokoa na ndizo nataka tuzungumzie.

Kiharusi wengi tunakijua cha presha na kisukari cha wazee, ila kuna kiharusi kinacholetwa na fangasi, na kinawapata zaidi watu ambao kinga yao imeshashushwa na kirusi, hasa VVU, na kwa njia tofauti kidogo hata Uviko (nitafika huko). Sio ugonjwa wa kuchekwa wala wa kufichwa, una kipimo na una dawa.

Kwanza elewa kinachotokea kichwani

Fangasi yenyewe inaitwa kriptokokasi, madaktari hukatisha wanasema kripto. Inaishi kwenye udongo, kwenye miti, na sana kwenye kinyesi cha ndege hasa njiwa. Tunaivuta na hewa, sote, mimi na wewe, na mtu mwenye kinga nzuri wala hajui kama imepita. Haiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa wala kwa kumlisha, kwa hiyo msimtenge. Kwa mtu ambaye CD4 zake (chembe za damu za kinga) zimeshuka ndio inatoka mapafuni, inaingia kwenye damu na inaenda kukaa kwenye ngozi zinazofunika ubongo na kwenye yale maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Hiyo ndio homa ya uti wa mgongo ya fangasi.

Sasa pale chini ya ubongo kuna mishipa midogo ya damu inayopita katikati ya hizo ngozi kwenda kulisha sehemu za ndani. Fangasi ikijaa pale mishipa inavimba kuta, njia inakuwa nyembamba, damu inaganda, na sehemu ya ubongo iliyokuwa inalishwa na mshipa ule inakufa. Hicho ndio kiharusi chenyewe. Kinaweza kuja kabla mgonjwa hajajulikana anaumwa nini, kinaweza kuja akiwa wodini, na kuna wakati kinakuja baada ya kuanza ARV, yaani dawa za VVU, pale kinga inapoamka ghafla na kuishambulia fangasi kwa nguvu. Tena kuna vile viharusi vidogovidogo ambavyo havipoozeshi mkono wala mguu, mtu anakuwa tu mzito, anasahau, anaongea vitu havieleweki, na nyumbani mnadhani ni mawazo.

Hatua ya 1: Jua mtu wako yumo kwenye hatari au la

Aliye hatarini ni mwenye VVU ambaye CD4 ziko chini ya 200, na chini ya 100 ndio balaa zaidi. Kwa lugha ya mtaani ni hawa: aliyegundulika akiwa tayari amekonda sana, aliyeacha dawa miezi kadhaa, anayemeza leo keshokutwa anaruka, na yule ambaye hajawahi kupima kabisa. Huyu wa mwisho msimsahau, kuna watu kripto ndio inawaambia kwa mara ya kwanza kwamba wana VVU.

Kwa wavuvi wetu kuacha dawa mara nyingi sio ukaidi. Mtu kaondoka Igombe kwenda kambi ya kisiwa kingine kufuata dagaa au sangara, dawa zimeisha kule, kadi ameacha nyumbani, anaona aibu kwenda zahanati asiyojulikana, mwezi unapita, wa pili unapita. Dada zetu wanaoanika na kununua dagaa nao ni hivyohivyo. Kwa hiyo ukiuliza uliza kwa upole, "dawa za mwisho ulichukua lini?" utapata jibu la kweli, ukianza kwa kufoka atakwambia anameza kila siku na utampoteza.

Hatua ya 2: Kisome hicho kichwa

Kichwa cha kripto kinakuja polepole. Hakiji kwa kishindo siku moja, kinaanza kidogo, panadoli inakituliza, kesho kinarudi, baada ya wiki panadoli haifui dafu tena. Asubuhi na akilala kinazidi. Unamkuta saa sita mchana kajifunika kanga usoni kwa sababu mwanga unamuumiza, pembeni kuna kopo la kutapikia, na juu ya ndoo ya maji kuna pakiti ya dawa mseto iliyomalizwa na vichupa vya sindano vya duka la dawa. Anatapika bila kuharisha. Anaona vitu viwili viwili, au macho yanafifia, au masikio yanaziba.

Homa inaweza isiwe kali. Shingo inaweza isikaze kabisa, na hapa wengi wanapotea, wanasema "mbona shingo inapinda, sio uti wa mgongo huo." Kwa mwenye VVU kinga yake haina nguvu ya kuleta ule mkazo wa shingo, kwa hiyo shingo kulegea hakumaanishi yuko salama.

Mimi naweka mstari hivi: mwenye VVU, kichwa kimeuma zaidi ya siku tatu mfululizo na dawa ya maumivu haikiondoi, huyo ni wa hospitali. Msisubiri atapike wala apoteze fahamu. Na akianza kubadilika tabia, kuropoka, kulala sana, degedege, au macho kufifia, hiyo ni safari ya leo sio ya kesho.

Hatua ya 3: Nenda penye kipimo na useme maneno haya

Kwetu mtu akienda na kichwa na homa majibu ni malaria, taifodi na UTI, mara nyingine zote tatu kwa pamoja. Siwalaumu wanaohudumia, malaria ipo kweli huku kwetu na kipimo kinaweza kusoma malaria huku fangasi nayo ipo. Tatizo ni kuishia hapo. Mgonjwa ametibiwa malaria, siku tatu zimepita, kichwa kiko palepale, halafu anaongezwa sindano za masaa. Hapana.

Sema wazi kwa daktari: "Ana VVU, dawa aliacha tangu mwezi fulani, kichwa kinauma wiki ya pili, naomba apimwe kripto." Kama hali yake ya VVU haijulikani, "naomba apimwe VVU na kripto." Najua ni ngumu kuyasema mbele ya shemeji na wakwe, basi muombe daktari pembeni, ila yasemwe, maana daktari asipojua kuna VVU hawezi kuiwaza kripto.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, ni kikaratasi kama kile cha malaria, majibu yanatoka kama ndani ya dakika 10. Wenyewe wanakiita krag. Uzuri wake kinaweza kuiona fangasi kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na ndio maana mtu yeyote anayeanza au kurudi kwenye ARV akiwa na CD4 chini ya 200 anapaswa kupimwa hata kama anatembea na kucheka. Kikisoma chanya na hana dalili, bado wanatakiwa kuangalia maji ya mgongo, na kama hayana fangasi anapewa vidonge vya flukonazo vya kuzuia isifike kwenye ubongo. Huu ndio wakati rahisi kuliko wote wa kuzuia kiharusi, mtu yuko mzima, anameza vidonge, anarudi kazini.

Kituo chenu kikiwa hakina kipimo ombeni barua ya rufaa siku hiyohiyo. Kwa mjini Sekou Toure ndio hospitali ya mkoa na Bugando ndio ya kanda yote ya ziwa. Mkiwa kisiwani pangeni usafiri mapema, kivuko kina ratiba yake na ziwa nalo lina hasira zake mchana, msisubiri mgonjwa ageuke wa kubebwa.

Hatua ya 4: Maji ya mgongo, jamani msikatae

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapofia. Daktari anasema tunataka kutoa maji mgongoni, ndugu wanasimama wote, mjomba anapiga simu kutoka Geita, "wasimguse, fulani alitolewa maji akafa, mwingine alipooza." Wanasaini kukataa, mgonjwa anarudi nyumbani na kichwa chake.

Sindano inachomwa chini kabisa ya kiuno, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umeshaisha, zimebaki nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji. Haipoozeshi kwa namna watu wanavyosimuliana. Waliokufa baada ya kutolewa maji wengi walifika wamechelewa, fangasi ilikuwa imeshafanya kazi yake, lawama ikaiangukia sindano kwa sababu ndiyo iliyoonekana. Na kama kuna dalili kwamba ndani kuna uvimbe, mfano upande mmoja tayari umelegea, daktari ndiye anayeamua kama apige siti skani (picha ya ndani ya kichwa) kwanza.

Halafu jueni kwamba kwa kripto kutoa maji ni kipimo na ni tiba pia. Fangasi inaziba njia ambazo maji ya ubongo hupitia kurudi kwenye damu, maji yanajaa, presha ndani ya fuvu inapanda, na ile presha ndiyo inayoua macho, masikio na uhai wenyewe. Wana kijibomba chembamba cha kupimia, presha ya kawaida haizidi sentimita 20, ikifika 25 na kuendelea ni ya kushushwa. Wanatoa maji kiasi, mara nyingi mpaka mililita 20 hivi na wakati mwingine zaidi, na nimeona mtu aliyeletwa akiguna tu anafungua macho jioni ile anaomba uji. Presha ikipanda tena wanarudia, kesho, keshokutwa, hata kila siku. Wakisema wanarudia sio kwamba wamekosea mara ya kwanza. Mkiona kichwa kimerudi kwa kasi wodini nyie ndio mwende kwa nesi mkaseme, "kichwa kimerudi, presha ya maji ilikuwa ngapi?" Hilo ni swali la haki kabisa.

Hatua ya 5: Dawa, na ARV zenyewe zianze lini

Bila dawa ugonjwa huu unaua karibu wote wanaoupata. Dawa ni tatu: amfoterisini ya kuchoma kwenye mshipa, flusaitosini ya vidonge, na flukonazo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia nyepesi, dozi moja tu kubwa ya amfoterisini ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vijichembe vya mafuta), miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa, kisha flusaitosini na flukonazo miligramu 1200 kwa siku 14. Ilitokana na utafiti uliofanyika Afrika hukuhuku, Uganda wakiwemo na Malawi pia. Kama hospitali mliyopo haina ya aina hiyo wanazo njia nyingine, hapo msikilizeni daktari.

Kazi yenu ndugu ni hizi. Flusaitosini humezwa mara nne kwa siku, yaani hata usiku wa manane, nesi mmoja ana wagonjwa wengi kwa hiyo wekeni alamu kwenye simu. Amfoterisini inasumbua figo na kushusha chumvi za damu, hasa potasiamu, kwa hiyo drip na vipimo vya damu visirukwe, na akitetemeka wakati inaingia mwiteni nesi. Akiwa mjamzito au anatumia dawa za TB daktari aambiwe mapema maana flukonazo inagongana na hali hizo.

Sasa ARV. Watu wanadhani ukigundua mtu aliacha dawa basi mkimbizie vidonge leo. Kwenye kripto ya ubongo sio hivyo, ARV za kuanza zinasubiri wiki 4 mpaka 6 tangu dawa za fangasi zianze. Ulifanyika utafiti Uganda na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2014, walioanzishwa ARV mapema walikufa zaidi kuliko waliosubirishwa. Kwa hiyo mwenye kichwa kisichoisha asirudishiwe ARV kimyakimya nyumbani kabla ya kupimwa. Na nieleweke vizuri hapa, anayemeza ARV zake kila siku ASIACHE kwa kusoma haya, aende nazo kwa daktari, daktari ndiye aamue.

Kitu kingine, deksamethasoni, ile dawa ya kushusha uvimbe. Duka la dawa wanaiuza kirahisi na mtu anapata nafuu ya siku mbili. Ilijaribiwa kwenye kripto Asia na Afrika, utafiti ukatangazwa 2016, ikaonekana inaongeza madhara mpaka utafiti ukasimamishwa. Msiinunue wenyewe.

Hatua ya 6: Kiharusi kikitokea mbele ya macho yenu

Mwambie atabasamu, mdomo umeenda upande? Anyanyue mikono yote miwili, mmoja unashuka? Aseme jina lake na la mama yake, maneno yanavurugika? Moja tu ikiwepo angalia saa, andika muda, hata kwenye kiganja. Daktari atauliza "mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi" na mkianza kubishana dakika zinakwenda.

Msimpe chakula, maji, chai wala kidonge, koo linaweza kuwa limepooza akapaliwa na vitu vikaingia mapafuni. Asipewe aspirini, kwa sababu bila siti skani hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Asichanjwe wala asikandwe shingo. Kama hana fahamu mlaze ubavu, mate yatoke nje, kama anajitambua mnyanyue kichwa na mabega kwa mto. Apimwe sukari kituo cha kwanza mnachofika, sukari ikishuka inaweza kuiga kiharusi kabisa. Kwenye boda asikae katikati amebanwa na watu wawili, tafuteni bajaji au gari, na kwenye mtumbwi alazwe chini ubavu na mtu mmoja kazi yake iwe kichwa cha mgonjwa tu.

Mkifika semeni tena ile habari ya VVU na kichwa cha wiki kadhaa. Kijana mwenye VVU aliyepooza anahitaji kuangaliwa kripto, TB ya ubongo, kaswende na tokso (kimelea kinachoshambulia ubongo), sio kupewa dawa ya presha na kurudishwa nyumbani. Mkikwama hela ya siti skani ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjauza mashine ya boti.

Uviko na kisukari: fangasi nyingine, haraka nyingine

Hii sio kripto, inaitwa mukomaikosisi, watu waliipa jina la fangasi nyeusi mwaka 2021 pale India walipopata makumi ya maelfu ya wagonjwa baada ya wimbi la Uviko. Wengi walikuwa na kisukari kilichopanda na walipewa deksamethasoni au dawa za jamii hiyo. Inaingia puani, inapita kwenye mifupa ya uso na jicho, na inakula mishipa ya damu yenyewe mpaka ile mikubwa inayopanda ubongoni, mtu anapooza ndani ya siku, sio wiki. Ukiona aliyetoka kuumwa Uviko au mwenye sukari ya juu uso umevimba upande mmoja, pua inatoa uchafu mweusi au damu, kaakaa lina doa jeusi, kope limeshuka, usilale nayo. Flukonazo haiiwezi hii, inahitaji amfoterisini na upasuaji wa kukata kilichooza, na sukari ishushwe.

Hatua ya 7: Mkirudi nyumbani

Flukonazo haiishii wodini. Baada ya zile wiki 2 inaendelea miligramu 800 kwa wiki 8, kisha 200 kila siku kwa muda mrefu, si chini ya mwaka, mpaka CD4 zipande na daktari aseme basi. Watu wanaacha hapa kwa sababu kichwa kimepoa, na fangasi inarudi. Kichwa kikirudi hata baada ya kuanza ARV vizuri, rudini hospitali, inaweza kuwa kinga inaamka kwa nguvu.

Aliyepooza mgeuzeni kila baada ya masaa mawili asipate vidonda, mkono uliolegea msiuvute wakati wa kumnyanyua maana bega linachomoka, mkalisheni wima kabisa wakati wa kula na chakula kiwe kizito kidogo cha kumezeka. Mazoezi yaanze mapema, muulizeni fiziotherapia awaonyeshe nyie mnaobaki naye. Wengi wanarudisha nguvu kiasi kikubwa ndani ya miezi ya mwanzo, ila kwa kufanyishwa kila siku.

Na kwa wavuvi, hili ndilo ninalowaomba wahudumu wa CTC na nyie ndugu mlisemee: dagaa wanavuliwa kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka watu wanarudi nchi kavu. Tarehe za kliniki za mvuvi zipangwe siku hizo za mbalamwezi, apewe dawa za miezi mitatu au sita kama hali yake inaruhusu, na kadi aipige picha iwe kwenye simu ili hata akiwa Kome au Ukara dawa zikiisha aingie zahanati ya karibu na kuonyesha.